Usiikate Sarafu kwenye Pambo la Koko

Dalali akipita Enguserosambu akauliza sarafu za zamani, usikimbilie kisu kukata ile inayoning'inia kwenye pambo la koko, yaani bibi yako. Sarafu iliyotobolewa kwa msumari, wakusanyaji huishusha bei vibaya. Lakini pambo likiwa zima, pamoja na shanga na ngozi yake, lina historia ya aliyelivaa, na mnunuzi makini huilipia hiyo. Tundu nalo liangalie vizuri: senti tano na senti kumi za mkoloni Mwingereza zilitoka kiwandani na tundu la katikati, na hilo si kasoro. Kasoro ni tundu la ukingoni.

Baada ya hapo soma mwaka na herufi. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake, ikiwa ya kati ya 1921 na 1946, robo yake ni fedha halisi. Ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa. Herufi ndogo huonyesha ilikopigwa: H na KN ni Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay.

Rupia ya Mjerumani ni jambo jingine. Rupia moja ina gramu 11.66, na zaidi ya tisa ya kumi ni fedha. Ipeleke kwa sonara mwenye mizani ndogo. Ikipungua sana, au ikinaswa na sumaku, ni bandia. Nyingine zina herufi A ya Berlin au J ya Hamburg, lakini za mwanzo hazina. Umri peke yake usikudanganye: pesa za shaba za 1890 zenye maandishi ya Kiarabu zilipigwa kwa wingi, na hadi leo ni rahisi. Rupia mbili za 1893 na 1894 ndizo adimu, na kwa sababu hiyo hughushiwa. Vivyo hivyo ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli. Reale ya Maria Theresa nayo husomeka 1780 hata kama imepigwa juzi, kwa hiyo mwaka wake hauthibitishi chochote.

Na ukiambiwa rupia yako inavuta punje za mchele, na tajiri wa mbali atainunua kwa mamilioni ukishalipa hela ya kuipima, ondoka. Huo ni wizi.

Dalali huulizia pia vijiko na uma vya fedha. Hivyo huja zaidi kutoka upande wa Karatu, ambako Wajerumani walilima kahawa Oldeani kabla ya vita ya pili. Geuza kijiko, tazama nyuma ya mpini. EPNS maana yake kimechovywa fedha tu, ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Namba 90 kwenye vijiko vya Kijerumani wengi huidhania asilimia tisini. Kumbe ni gramu 90 za fedha zilizotumika kuchovya vijiko 12 na uma 12. Fedha yenyewe huandikwa 800, pamoja na mwezi mchanga na taji, au 925. Ya Mwingereza ina simba anayetembea. Kisha tazama tumbo la kijiko linapogusa meza: pakiwa na umanjano, mchovyo umeisha. Vilivyochovywa hupata bei vikiwa seti kamili, au vikiwa na chapa ya reli kama EAR&H, shirika lililoanza 1948.

Usisugue kwa majivu, ndimu wala steliwaya. Weusi wa miaka mingi mkusanyaji anautaka. Mikwaruzo yako haitaki. Futa vumbi kwa kitambaa laini, piga picha pande zote mbili kando ya rula, uulize bei kwa watu wawili wasiojuana kabla ya kukubali.

Mnunuzi akitaka kuvisafirisha nje ya nchi, mwambie aonyeshe kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inagusa pia vifaa vya kimila, yakiwemo mapambo ya koko.