Ila Iliyojificha Ndani ya Methani

Safari hii somo letu linatoka maabara, lakini mwanafunzi wa elimu ya hadithi hatajiona mgeni humo.

Mafundi friji wakongwe hapa Kampala wanaijua gesi ya R-12. Mwaka 1974 Molina na Rowland walieleza kuwa gesi za aina hiyo hupanda hadi anga ya juu, huvunjwa na miale ya jua na kutoa atomi za klorini, nazo huila ozoni inayotukinga. Anayeizuia klorini, kwa sehemu kubwa, ni methani: atomi huinyang'anya haidrojeni moja, ikawa haidrojeni kloraidi, ambayo haili ozoni. Je, mnyang'anyo huo una kasi gani? Hesabu za namna hii ndizo zilizotumika kukisia ozoni itapungua kiasi gani, hata Mkataba wa Montreal wa 1987 ukazibana gesi hizo.

Hupimwa hivi. Chomboni hutiwa klorini kidogo mno, methani nyingi kuliko hiyo, na gesi isiyojihusisha, kama agoni. Mmweko wa mwanga huvunja klorini kuwa atomi. Atomi zikimulikwa kwa mwanga maalumu hung'aa, na mng'ao hufifia kadiri zinavyokwisha, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Rudia kwa viwango mbalimbali vya methani, utapata kasi.

Mtego uko hapa. Ethani, nduguye methani, humenyuka na klorini kwa kasi ya zaidi ya mara 500 katika joto la chumbani. Methani ikiwa na ethani sehemu 2 tu kwa 1,000, jibu hutoka maradufu, na grafu inanyooka vizuri kabisa! Ndiyo ila ya wanahadithi: isnadi yaonekana safi, kasoro imejificha ndani. Tiba nayo ni ileile, kukusanya njia. Wengine walipima katika bomba linalopitisha gesi mfululizo. Wengine hawakuhesabu atomi kabisa: waliishindanisha methani na gesi yenye kasi inayojulikana, wakaangalia ipi imepungua zaidi. Njia zisizotegemeana zikiafikiana, namba hupokelewa.

Baridi ina hukumu yake. Kwenye nyuzi 53 chini ya sifuri, mfano wa huko juu, kasi ya methani hushuka hadi karibu moja ya tano ya ile ya nyuzi 25, ilhali ya ethani hubadilika kidogo tu. Hivyo chombo kikipoozwa, chembe ileile ya ethani huzidi kuharibu jibu.