XP Ilikuwa Tamu, Lakini Pesa Zako Je?

Hivi majuzi tulikuwa Woodley, kwenye saiba moja karibu na Barabara ya Joseph Kang'ethe, tukiwaonyesha wateja jinsi ya kupata taarifa ya akaunti ya biashara kwenye kompyuta. Mashine ya pembeni ilipowaka, kikatokea kile kilima cha kijani chini ya anga la buluu. Windows XP! Watu wakacheka, na ubishi ukaanza.

"Hii ndiyo ilikuwa Windows," akasema mzee mwenye saiba. "Haikusumbui, haikulazimishi kununua mashine mpya."

Kijana aliyekuja kuchapisha CV akamjibu, "Mzee, kwa heshima, XP ilishapitwa. Windows 7 ndiyo ilikuwa bora."

Wote wana hoja

XP ilitoka Oktoba 2001, na wengi wetu tulijifunzia kompyuta hapo, kati ya Solitaire na Pinball. Microsoft hata iliitolea menyu za Kiswahili. Iliweza kuwaka kwa RAM ya MB 64 tu. Windows 11 inataka GB 4, pamoja na chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa hivyo mzee akisema analazimishwa kununua, hadanganyi.

Shida iko wapi?

Microsoft iliacha kuitolea XP viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata masasisho ya ziada.

Tundu likizibwa kwenye mfumo mpya, mwizi anapata fununu ya mahali pa kutafuta kwenye ule wa zamani. Ni kama majirani wote kwenye ploti wabadilishe kufuli baada ya kugundua kwamba ufunguo mmoja unafungua milango yote. Wewe uliyebaki na kufuli ya zamani ndiye utakayetembelewa.

Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Kiraka kilikuwa kimetolewa Machi. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo hawakuisasisha. XP ilitolewa kiraka cha dharura baada ya moto kuwaka.

"Niendelee?"

Tukiwa bado hapo, mama mmoja anayeuza nguo Toi akaketi kwenye ile mashine ya XP. Kabla hajaweka neno siri, onyo likatokea kwamba mawasiliano si salama. Jirani yake akamwambia, "Bonyeza tu, hiyo hufanya hivyo kila siku." Mama akatugeukia: "Niendelee?"

Tulimwambia hapana. Kwenye akaunti hiyo kulikuwa na pesa za bale ya wiki iliyofuata. Akatoa simu yake na kufungua taarifa hapo hapo.

Kabla hujaingia kwenye akaunti yako

1. Uliza kompyuta inatumia mfumo gani. Ikiwa ni XP au Windows 7, usiingie.
2. Ukiona onyo la usalama, simama. Usibonyeze "endelea" kwa sababu umeharakishwa.
3. Ukiulizwa kama neno siri lihifadhiwe, kataa. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti. Kufunga dirisha pekee hakutoshi.
4. PIN yako ni ya simu yako. Usiiandike kwenye kompyuta ya mtu.
5. Una kompyuta ya zamani nyumbani? Usiitupe. Muulize fundi kama inaweza kuwekewa Linux nyepesi inayopata masasisho, au itumie bila intaneti.

Na simu yako pia ni kompyuta: ikikuletea sasisho, likubali.

Tulipokuwa tukiondoka, mzee alikuwa ameichomoa ile mashine waya wa intaneti. "Basi hii ibaki ya kuchapa barua," akasema. "Lakini Pinball siifuti."

Hapo, mzee, tunakubaliana kabisa.