Bei ya Kupandisha Mashua Kilimani

Maji hayapandi mlima. Jambo hilo hufahamika kwa kila mtu aliyewahi kuchimba mtaro wa kumwagilia shamba. Itakuwaje basi mashua iliyojaa mizigo, yenye uzito wa tani 35, ipande kilima chenye kimo cha meta 67 huku ikielea tu majini? Katika kijiji cha Tardebigge, nchini Uingereza, mashua zimekuwa zikipanda hivyo tangu mwaka 1815, ulipofunguliwa mfereji unaouunganisha mji wa Birmingham na Mto Severn huko Worcester. Hapo mfereji hukata mashamba na malisho ya ng'ombe, na katika mwendo wa kiasi cha kilometa tatu na nusu hupanda ngazi 30 za maji.

Kila ngazi ni chumba cha matofali au mawe chenye malango mbele na nyuma. Mashua itokayo chini huingia chumbani wakati maji yake yako sawa na ya mfereji wa chini. Malango ya nyuma hufungwa. Kisha msafiri huzungusha mkono wa chuma na kuinua kilango kidogo kilicho chini ya usawa wa maji, na maji ya juu huingia kwa uzito wake yenyewe. Mashua huinuka pamoja nayo. Maji ya chumbani yakisha kuwa sawa na ya juu, lango la mbele hufunguliwa na safari huendelea hadi chumba kinachofuata. Mashua ikishuka, mambo huwa kinyume chake.

Mwanafunzi atauliza: malango hayo hufungwa kwa kufuli gani? Hayana kufuli. Yale ya upande wa chini kwa kawaida ni mawili, nayo hukutana kwa pembe, mfano wa ncha ya mshale unaoelekea maji ya juu. Kadiri maji yanavyoyasukuma ndivyo yanavyobanana. Tuchukue chumba chenye upana wa meta 2.2, kina cha maji kikiwa meta 3.4 ndani na meta 1.2 nje. Kwa kuwa kanieneo huongezeka kadiri ya kina, kani ya jumla kwenye malango hupatikana kwa kuzidisha nusu ya 9,800 kwa upana, kisha kwa tofauti ya miraba ya vina viwili. Jibu ni nyutoni 109,000 hivi, yaani uzito wa tani 11. Hata tofauti ya kina ikibaki sentimeta 5 tu, kani ni nyutoni 1,300 na zaidi, uzito wa watu wazima wawili. Ndiyo maana kila lango lina boriti ndefu inayotumika kama wenzo, na ndiyo maana msafiri mwenye haraka husukuma boriti hiyo bure mpaka maji yatakapolingana. Hapo hata mtoto aweza kulifungua.

Sasa tuje kwenye bei. Chumba chenye urefu wa meta 22, upana wa meta 2.2 na kimo cha kupanda cha meta 2.2 huhitaji meta za ujazo 106 za maji, yaani lita 106,000, kila kinapojazwa. Maji hayo hutoka sehemu ya juu kabisa ya mfereji, nayo hayarudi. Mtu aweza kudhani kwamba mashua ishukayo vyumba 30 hutumia maji ya vyumba 30. Sivyo. Maji yanayotolewa chumba cha kwanza huteremka na kutumika katika cha pili, kisha cha tatu, mpaka chini kabisa. Vyumba vikiwa na ukubwa mmoja, kilele hupoteza maji ya chumba kimoja tu.

Je, uzito wa mashua hubadili hesabu hiyo? Hapa wengi hukosea, na inafaa tusimame kidogo. Kwa kanuni ya Archimedes, mashua ya tani 35 husukuma kando tani 35 za maji, yaani meta za ujazo 35. Ujazo wa kukiinua chumba kutoka usawa wa chini hadi wa juu ni 106 daima, kiwe na mashua au kitupu, maana mashua huelea na kupanda na maji yote. Lakini mashua iliyopanda ikitoka chumbani na kuingia mfereji wa juu, nafasi iliyokuwa ikiishika hujazwa na maji ya mfereji huo. Hivyo kilele hupoteza 106 na 35, jumla 141. Mashua inayoshuka, ikikuta chumba kitupu, hungoja kijazwe kwa 106. Kisha inapoingia husukuma 35 zirudi kileleni. Hasara yake ni 71 tu. Kwa hiyo mfereji ambao mizigo yake mizito huteremka, na mashua hurudi tupu, hutumia maji machache kuliko ule ambao shehena hupanda.

Jambo la tatu ni zamu. Mashua iliyopanda huacha chumba kimejaa. Ikiwa inayofuata inashuka, itatumia maji hayohayo, na mashua mbili zitakuwa zimepita kwa bei ya chumba kimoja. Zikifuatana mbili za kushuka, kila moja itadai chumba chake. Ndiyo sababu adabu ya mfereji hudai kwamba ukimwona mwenzako anakuja kutoka upande wa pili, na chumba kiko tayari kwa ajili yake, umngoje. Mgeni huona ni upole wa watu wa shamba. Kwa kweli ni uwekaji akiba.

Hesabu hizi zinatusaidia pia kufahamu umbo la mashua zenyewe, ambazo ni nyembamba ajabu: urefu hufika meta 21 na upana ni kama meta 2.1 tu. Kipimo hicho kilienea kutokana na kazi ya James Brindley, mhandisi aliyeshughulikia mifereji mingi ya mwanzo na kufariki mwaka 1772. Chumba chembamba hutumia nusu ya maji ya chumba chenye upana maradufu, na handaki jembamba ni rahisi kuchimba. Mashua moja ilibeba tani 25 hivi na kuvutwa na farasi mmoja, mzigo ambao farasi huyo asingeweza kuuvuta kwa gari katika barabara za tope za wakati ule. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa karne yake, ingawa reli zilipokuja mashua ndogo hazikuweza kushindana nazo. Leo mashua nyingi hutumia injini za dizeli, nazo hubeba watalii na watu walioamua kuishi humo.

Je, nishati ya kuinua tani 35 kwa meta 67 hutoka wapi? Ni kiasi cha megajuli 23, na msafiri hakutoa ila jasho la kuzungusha mkono wa chuma. Imetoka kwenye jua, lililoyavukiza maji ya bahari yakarudi kama mvua juu ya vilima. Pale Tardebigge palijengwa bwawa la kuhifadhi mvua hiyo, lakini lipo chini ya usawa wa kilele, hivyo ilibidi kujenga pia mtambo wa mvuke wa kupandishia maji. Mvua ikikosekana, safari husimama. Katika mwaka 2025 ukame uliyapunguza maji ya mabwawa hata sehemu kadhaa za mifereji ya Uingereza, ikiwemo sehemu ndefu ya mfereji kati ya Leeds na Liverpool, zikafungwa kwa mashua.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi swali hili. Huko Wales, mfereji hupita juu ya bonde la Mto Dee katika daraja la Pontcysyllte, lililofunguliwa mwaka 1805: birika la chuma lenye urefu wa meta 307 lililobebwa na nguzo za mawe. Mashua ya tani 35 ikiingia polepole katika birika hilo, mzigo unaobebwa na nguzo utaongezeka kwa tani ngapi? Wajaribu kwanza kwa ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, kipande cha ubao na mizani, kisha wakokotoe.