MUSOMO: MUFUKO WA KUVUNIA KAHAWA, TUUSHONE NA KITAMBAA GANI?



Wakati wa mavuno, mama mumoja alinionyesha bega lake: kidonda. Alikuwa anavunia ndani ya gunia ya plastiki, amefunga kamba ya nailo. Kahawa yake nayo ilifika kwenye kituo cha kuosha ikiwa na moto ndani, wakakataa sehemu. Mufuko mubaya mumoja, hasara mbili.

Kwa nini? Kahawa mbivu iko na maji na sukari. Ukiifungia ndani ya plastiki kwenye jua, inapata moto na kuanza kuchacha. Pamba inapitisha hewa na inakunywa jasho. Plastiki haiwezi, tena jua linaharibu nyuzi zake mpaka zinakatika. Na gunia iliyobeba mbolea ao dawa ya wadudu, hata ukiiosha, usiiweke chakula wala kahawa.

Kitambaa gani? Jinzi ya suruali ya zamani, ya pale kwenye chaguwa, ni nzuri sana: nzito, ya pamba, bei chini. Kikwembe ni kizuri kwa macho lakini ni chepesi. Ukikipenda, weka mbili, kimoja ndani ya kingine.

Mbele ya kulipa, jaribu mara tatu:

1. Inua kitambaa kwenye jua. Ukiona matundu mingi ya mwangaza, kiache.
2. Kivute na vidole gumba viwili. Nyuzi zikiachana na zisirudi, kitapasuka.
3. Tia tone la maji. Likikaa juu bila kuingia, bega lako litateseka na jasho.

Namna ya kushona

- Lowesha kitambaa kipya ndani ya maji ya moto, kausha, halafu ndio ukate. Pamba inajikunja kisha kufuliwa.
- Kata vipande 2 vya sentimetre 45 kwa 50. Mufuko ukijaa utabeba karibu kilo 8 mpaka 10. Usiuongeze ukubwa: mugongo ni wako.
- Mukanda: urefu sentimetre 120, upana 20, kunja katikati, ushone. Mukanda mupana unagawanya uzito. Kamba inakata nyama.
- Shusha kila mwisho wa mukanda sentimetre 10 kwenye ubavu wa mufuko, shona muraba na musalaba ndani yake. Ni pale mifuko mingi inakatikaka.

Ukimaliza kuvuna, peleka kahawa siku ile ile. Fua mufuko, kausha: sukari inayobakia inaozesha kitambaa na kuita panya.

Kazi ya kikundi: Kwa mukutano unaokuja, kila mutu alete kipande cha kitambaa cha nyumbani. Mujaribu pamoja zile njia tatu. Nani ataleta kile kigumu zaidi? Pengine kinalala tu ndani ya sanduku yako.

Mavuno mema!