SOMO LA MWEZI: MABOMBA YA POLIPROPILINI KATIKA VIWANDA VYA VYAMA



Bomba likitoboka katikati ya msimu, kiwanda cha kumenya kahawa husimama, na hasara humwangukia mkulima. Hivyo ununuzi wa mabomba si jambo la kumwachia fundi peke yake; Kamati nayo yapasa ielewe inachonunua.

Polipropilini ni plastiki iliyoanza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1957. Faida zake ni hizi:

1. Haishiki kutu. Maji ya kahawa yaliyochacha yana tindikali inayokula chuma, lakini plastiki hii haidhuriki. Vivyo hivyo kwa soda ya kostiki itumiwayo kuoshea mitambo ya maziwa.

2. Huvumilia maji ya moto ya nyuzi 70 za Sentigredi, ambayo hulegeza mabomba ya kawaida ya PVC.

3. Ni nyepesi kuliko maji, hivyo ni rahisi kuibeba na kuifunga.

4. Bomba na kiungio huyeyushwa kwa chombo chenye joto la nyuzi 260 hivi, vikashikamana kuwa kitu kimoja. Gundi ya PVC haifai hapa.

Hata hivyo, kila chombo kina mipaka yake. Bomba lenye chapa PN 20 hupimwa kwa msukumo wa bar 20 maji yakiwa ya nyuzi 20; yakifika nyuzi 70, msukumo unaoruhusiwa hushuka chini ya nusu. Bomba la kawaida la meta 10 likiongezewa joto la nyuzi 40 hurefuka sentimita 6 hivi. Likibanwa pande zote, hupinda. Jua kali hulichakaza, basi lifukiwe au lifunikwe. Lisipitishwe mvuke wa bwela wala tindikali kali ya nitriki.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, barua ya kuomba bei itaje mambo manne: kitakachopita bombani, joto lake, msukumo wake, na nani atakayeunganisha. Muuzaji asiyeyajibu yote, hata bei yake ikiwa ndogo, asipewe fedha za wanachama. Rahisi hughali.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Ni mabomba yapi ya chama chetu yaliyoliwa na kutu, na yanapitisha nini?
(b) Fundi wetu anacho chombo cha kuyeyushia viungio, na amefunzwa kukitumia?
(c) Mabomba yetu ya plastiki yaliyo juani yatafunikwa lini, na kwa fungu gani la bajeti?