SOMO LA MWEZI: SAULI, SEBASTIAN, NA NJIA ILIYOKATAZWA

Masomo: 1 Samweli 28:3-25, Kumbukumbu la Torati 18:9-14



Wazazi kadhaa wameuliza kama inafaa watoto wa darasa la Kipaimara kucheza michezo ya kompyuta yenye habari za uchawi. Unaotajwa sana ni ule uitwao Hogwarts Legacy. Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuufahamu. Mimi nilimwomba mjukuu wangu anionyeshe.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo huu ulitolewa Februari 2023 na kutengenezwa na Avalanche Software ya Marekani, kwa kufuata vitabu vya J. K. Rowling wa Uingereza. Hadithi yake ni ya miaka ya 1890, katika shule ya bweni ya uchawi ambayo ni ya kubuniwa tu. Mchezaji huwa mwanafunzi mgeni wa mwaka wa tano. Hakuna mtoto anayejifunza ulozi wa kweli kwa kubonyeza vitufe, na tusiwaambie watoto uongo kwa nia ya kuitetea kweli. Hatari iko mahali pengine.

2. Kijana Sebastian

Katika hadithi hiyo yumo mwanafunzi aitwaye Sebastian. Anne, pacha wake, amepigwa laana, naye ana maumivu yasiyo na dawa. Ami yao Solomon, anayewalea, asema hakuna tiba na wakubali hivyo. Sebastian hakubali. Rafiki yake Ominis amwonya, lakini hasikii. Atafuta kitabu cha siri, kisha kifaa cha giza, na kila hatua asema, "Ni kwa ajili ya Anne." Mwisho ami yake anapomzuia, amwua kwa laana iliyokatazwa. Anne hakupona. Akakichoma kile kitabu, akamwacha ndugu yake.

Hapo mchezaji huulizwa: Je, utamshtaki Sebastian, au utamficha? Yeye mwenyewe pia anaweza kujifunza laana hizo au kukataa. Akizitumia, mchezo haumwadhibu. Masomo yake huendelea kama kawaida.

3. Mfalme Sauli

Sasa tazameni Maandiko. Sauli aliwafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Sheria aliijua, tena aliitekeleza mwenyewe. Lakini Wafilisti walipokusanyika, naye Mungu akawa hamjibu, akajigeuza kwa mavazi mengine, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Hakupata msaada, ila habari ya kifo chake.

Sauli alisukumwa na hofu, na Sebastian alisukumwa na upendo, lakini njia yao ilikuwa moja. Nasi tunaifahamu. Mtoto anapougua na hospitali ikashindwa, wako wakomunikanti wanaokwenda usiku kwa mganga wa ramli, na Jumapili wanapiga magoti mezani pa Bwana. Tusiwacheke, kwa maana machozi yao ni ya kweli. Lakini upendo hauifanyi njia mbaya kuwa njema.

4. Tufanye nini?

Kupiga marufuku peke yake hakutoshi. Sauli alipiga marufuku, kisha akaenda. Sisi tuliofundisha miaka mingi tunajua kwamba jambo linalokatazwa bila maelezo hutafutwa kwa siri. Mzazi anaweza kuuzuia mchezo huu kwa mtoto mdogo, na ni haki yake. Lakini kwa kijana, aketi naye na kumwuliza angemfanyaje Sebastian, na kwa nini. Mchezo haumwadhibu atendaye mabaya, na dunia nayo mara nyingi haimwadhibu upesi. Kwa hiyo dhamiri yake ifundishwe nyumbani, kabla ya siku ya ugonjwa.

Nasi wengine tusiwe kama Solomon, aliyesema tu, "Kubalini." Penye mgonjwa asiyepona, twende tukae, tuombe, tupike chakula. Mtu asiyeachwa peke yake hatafuti njia ya Endori upesi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Sauli alijigeuza mavazi?
2. Sebastian alihitaji nini kwa ami yake zaidi ya kukatazwa?
3. Ni nyumba gani mtaani petu yenye mgonjwa wa muda mrefu? Nani atakwenda wiki hii?

Tuombe: Ee Bwana, unapokaa kimya, tupe saburi ya kukungoja, utulinde tusitafute msaada gizani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.