SOMO LETU: KUPAMBA CHAKULA NA VINYWAJI VYA SHEREHE



Vikundi vingi vya akina mama vina sufuria kubwa, sahani na viti vya kukodisha, na hupata pesa kwa kupika kwenye arusi, mazishi na harambee. Mapishi yenu hayana neno. Lakini mara ngapi kamati ya arusi imesema, "Hao mama watapika ya jikoni, ile ya meza tutaleta watu wa mjini"? Watu wa mjini wanakuja na karoti tano na dania mikono miwili, halafu wanalipwa kuliko nyinyi mliokesha kwenye moshi. Hapo ndipo shida iko, na ndiyo sababu ya somo hili.

Tazameni sahani ya kawaida ya sherehe: wali mweupe, kabeji nyeupe, viazi vyeupe, na sahani yenyewe nyeupe. Mtu hula kwa macho kwanza. Weka juu ya wali ule vipande viwili vya nyanya na jani la dania, na mgeni ataona kwamba alitarajiwa.

Kabla hamjashika kisu, sikieni habari ya kikundi kimoja ambacho hatutakitaja. Kilipika arusi vizuri sana, nyama ikaiva, wali ukaiva, kila kitu kikachemka. Kisha mtu akakata dania iliyosuuzwa kwa maji ya mtoni, akainyunyiza juu ya sahani zote. Kesho yake nusu ya wageni walikuwa wanaendesha. Chakula hakikuwa na kosa, pambo ndilo lililokuwa na kosa. Kikundi kile kilikaa muda mrefu bila kuitwa popote, na mtoto mmoja alilazwa.

Pambo bichi halipiti motoni. Chochote kilichokuwa kwenye maji, kwenye kisu au kwenye mkono kinaingia moja kwa moja tumboni mwa mgeni. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo. Basi shikeni haya: maji ya kuoshea mapambo yawe yale mnayoweza kunywa, yaani yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usiambiwe na mtu ati chumvi kidogo au siki inatosha. Osha kwanza mchanga utoke, kisha osha mara ya pili kwa maji mengine. Kisu na ubao wa nyama visiguse mapambo kabisa. Fungeni uzi mwekundu kwenye mpini wa kisu cha mapambo, kila mtu akijue. Na mwenye kidonda mkononi au anayeharisha apewe kazi ya kupanga viti siku hiyo, bila kuona haya.

Sasa tuingie kazini.

Karoti ya kujikunja. Menya karoti nene. Kwa kisu cha kumenyea viazi, toa ukanda mwembamba kutoka kichwani hadi mkiani. Uviringishe kwenye kidole, uchome kijiti cha meno usifunguke, kisha uutumbukize kwenye maji baridi kwa nusu saa. Karoti hunywa maji ikakakamaa katika umbo lile lile. Toa kijiti kabla ya kupeleka mezani. Hesabuni vijiti mlivyochoma na mlivyotoa, kwa maana kijiti kwenye koo la mtoto si mchezo.

Ua la kitunguu. Chukua kitunguu chekundu cha wastani, menya lakini acha kitako. Kata kutoka juu kwenda chini, ubakishe kama upana wa kidole bila kukata. Zungusha, kata tena, mpaka mikato iwe sita au minane. Kiweke kwenye maji baridi sana kwa saa moja au zaidi. Kitafunguka chenyewe kama ua, na ukali wake utapungua. Ukikata hadi chini kitaachana vipande vipande, basi hicho kitiwe kwenye kachumbari, hakuna hasara.

Waridi la nyanya. Hili hutaka mkono mtulivu. Chagua nyanya iliyoiva lakini ngumu. Anzia upande wa chini, umenye ganda pole pole kwa ukanda mmoja usiokatika, upana wa kama sentimita mbili, ukizunguka hadi juu. Viringisha ukanda huo kuanzia mwisho wake, ukae juu ya kile kipande cha kwanza kama kiti. Weka majani mawili ya dania kando yake. Nyanya iliyobaki itiwe kwenye mchuzi. Mara tatu za kwanza ganda litakatika. Msijifunzie siku ya arusi.

Tango ni rahisi kuliko yote: vuta uma kwa nguvu kutoka juu hadi chini pande zote bila kumenya, kisha kata duara nyembamba. Kila duara litatokea na meno meno kama saa ya ndani.

Ndugu zetu wa Pwani wana pambo lao la zamani ambalo sisi wa bara hatujalijali vya kutosha, nalo ni kitunguu kilichokaangwa juu ya pilau na biriani. Kata vitunguu vyembamba vyote kwa unene mmoja, vitandaze vikauke kidogo, kisha vikaange kwenye mafuta mengi huku ukikoroga. Vitoe vikiwa rangi ya dhahabu, kabla havijawa kahawia, maana vinaendelea kuiva hata nje ya mafuta, na vikizidi huwa vichungu. Vichuje kwenye chungio. Msivimwage juu ya gazeti, wino wa gazeti si chakula. Pambo hili limepita motoni, kwa hiyo ndilo salama zaidi mahali ambapo maji ni shida. Likiwa mikononi mwangu kuchagua, kijiji kisicho na maji safi kingetumia hili peke yake na mayai ya kuchemsha.

Yai lichemshwe dakika kumi hadi kumi na mbili, kisha litiwe maji baridi mara moja. Likichemka muda mrefu zaidi, kiini hupata duara la kijani kibichi pembeni. Halina sumu, ila halipendezi. Likatwe kwa uzi safi badala ya kisu, kiini hakitavunjika.

Parachichi na ndizi hugeuka nyeusi zikikaa. Zipakwe maji ya ndimu mara tu zikikatwa, ukali wake huchelewesha weusi huo. Jani la mgomba nalo ni sinia zuri la bure: lioshe, lipitishe juu ya moto kidogo mpaka ling'ae na kulainika, basi halitapasuka. Mukimo au matoke yakiwekwa juu yake, hamhitaji pambo jingine.

Kuhusu maua. Wengine hupamba sinia kwa maua ya uani, na hapa ni lazima tuseme wazi. Ule mmea wa ua refu jeupe au la rangi ya machungwa linaloning'inia kama tarumbeta ni sumu. Oleanda, ile ya ua la waridi inayopandwa kama ua la nyumba, ni sumu vilevile, majani na maua. Kanuni yetu ni fupi: kisicholika kisiguse sahani. Ukitaka ua, lipo la malenge, ambalo ni mboga.

Vinywaji havitaki kazi nyingi. Ndimu moja kubwa hutoa duara nane, na kila duara likikatwa katikati unapata vipande kumi na sita. Kwa glasi 100 ndimu saba zinatosha. Chana kipande kidogo, ukikalishe kwenye mdomo wa glasi. Ukitaka kuzidi hapo, paka mdomo wa glasi ndimu, uigeuze juu ya sahani ya sukari, halafu mimina maji ya karakara au ya nanasi bila kugusa sukari ile. Watoto watapigania glasi hizo! Jambo la barafu mlikumbuke: baridi haiui viini. Barafu ya maji machafu ni maji machafu. Chemsheni kwanza ndipo mgandishe.

Mapambo yakatwe asubuhi ya sherehe, yafunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, yakae kivulini. Yawekwe juu ya chakula dakika ya mwisho. Chakula kilichopikwa nacho kisikae wazi zaidi ya saa mbili, hata kama mgeni wa heshima amechelewa. Kiacheni jikoni kikiwa moto, hotuba ziendelee.

Neno kuhusu meza kuu. Tumeona sahani za meza kuu zimepambwa kama bustani, na za watu wa nyuma hazina hata jani. Katika arusi ya kanisa hilo halikai vizuri. Afadhali kila sahani ipate vipande viwili vya tango. Tango la urefu wa kiganja na vidole hutoa duara kama 40, kwa hiyo matano yanatosha watu 100.

YA KUJADILI NA KUFANYA KIKUNDINI

1. Maji yetu ya kuoshea mboga hutoka wapi? Nani atakayechemsha, na kwa kuni za nani?

2. Bei ya nyanya, karoti na dania sokoni kwetu wiki hii ni ngapi? Tukiongeza pambo kwa kila sahani, tuiongezee kamati ya arusi shilingi ngapi?

3. Katika mkutano ujao kila mwanachama alete kisu kikali, nyanya mbili na kitunguu kimoja kutoka nyumbani. Kila mtu atengeneze waridi moja. Mwekahazina alete uzi mwekundu.